Kiunzi na Maana Zake

Maneno ya Kiswahili yahusuyo ujenzi yaligawana kazi zamani kama ndugu wagawanavyo shamba. Mtu aliyesimamisha nyumba ya miti na udongo alijenga. Mtu aliyepandisha ukuta wa mawe na chokaa aliaka, na kwa sababu hiyo akaitwa mwashi. Mtu aliyetengeneza chombo cha kusafiria baharini hakujenga wala hakuaka, yeye aliunda. Mipaka hiyo sasa imelegea. Watu hujenga meli na huunda serikali, na kitenzi aka kimebaki karibu katika mwashi na uashi peke yake. Lakini kamusi ya zamani, kama ile ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939, bado inakumbuka kwamba unda lilikuwa hasa neno la fundi wa mbao, na zaidi ya yote fundi wa vyombo.

Kitenzi hicho kina kizazi kikubwa. Humo mna muundo, umuundo, uundaji na mwundaji, na humo pia mna kiunzi. Sauti d iligeuka z kwa kufuatwa na i, kama ilivyogeuka katika mpenzi aliyetoka kwa penda, katika mlinzi aliyetoka kwa linda na katika mpanzi aliyetoka kwa panda. Basi kiunzi kwa asili ni kitu kilichoundwa, na hasa ni ile mifupa ya miti inayoshika umbo la chombo au la nyumba. Neno hili limesafiri mbali na pwani yake. Limeingia hospitalini, limeingia katika viwanja vya michezo, na mwisho limeingia katika vyuo vikuu, ambako halina budi kutajwa katika kila tasnifu. Kila mahali lilipoingia lilipewa kazi mpya. Si vibaya kuuliza kama kazi ya mwisho inapatana na tabia yake ya kwanza.

Katika nyumba ya udongo kiunzi hutangulia. Nguzo huchimbiwa ardhini, fito hufungwa juu yake kwa kamba, ndani na nje, mwamba hulazwa juu, na makombamoyo hushuka kutoka kilele hata ukingo wa paa. Kwa siku chache nyumba husimama ikiwa uwazi mtupu, na mpita njia huweza kuona kichaka cha nyuma kwa kutazama katikati ya chumba cha kulala. Kisha mawe madogo na udongo hutiwa kati ya fito, ukuta hukandikwa, na kiunzi hupotea machoni pa watu. Hapana anayekitaja tena mpaka mvua ibomoe udongo au mchwa amalize nguzo. Katika kazi hii umbo limeamuliwa mapema. Udongo hauna shauri. Hukaa pale fito zilipouruhusu kukaa.

Nyumba za mawe nazo hazikuepuka amri ya mti. Katika mji wa Lamu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina kikomo cha urefu, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake kwa kawaida usiofika mita 3. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa chumba chake na idadi ya vidaka ukutani, lakini upana alipimiwa na msitu. Boriti za namna hiyo zilipakiwa katika majahazi zikapelekwa Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, zikaezeka nyumba za watu wasio na misitu, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Mti mmoja uliweza kuwa shehena ndani ya chombo kwanza, kisha ukawa mhimili wa dari ya mtu wa mbali.

Katika mtepe mpango ulikuwa mwingine. Mtepe ulikuwa chombo kilichoshonwa. Mbao zake zilitobolewa pembezoni, zikaunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Fundi alianza kwa mkuku, akashona ubao juu ya ubao mpaka ubavu wa chombo ukapata mviringo wake. Mataruma, ambayo ndiyo mbavu za chombo, yalikuja nyuma. Yalichongwa yafuate mviringo ambao mbao zilikuwa zimekwisha kuupata, kisha yakafungwa ndani ili kuushika usilegee. Mitepe ilitoweka baharini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, ingawa mmoja uliundwa upya Unguja mwaka 2003 ili watu wa leo wauone. Ndani ya mtepe kiunzi kilikuwako, tena kilikuwa cha lazima, lakini hakikutangulia. Kilitii kwanza, kisha kikatiiwa.

Jahazi na mashua ya misumari hupita katikati ya desturi hizi mbili. Mkuku hulazwa, miti ya omo na tezi husimamishwa, mbao za chini hupigiliwa, mataruma huingizwa, na mbao nyingine hufuata. Fundi wa desturi hana ramani ya karatasi. Huweka taruma mahali pake, huona pengo, huliondoa, hulipunguza kwa tezo, hulirudisha, na hurudia hivyo mpaka mti na ubao vigusane pasipo mwanga kupenya. Hata mti wenyewe huchaguliwa kwa upindo wake. Tawi la mtondoo au la mlilana lililopinda kwa maumbile lina nguvu kuliko mti ulionyooka ukakatwa upinde, kwa sababu nyuzi zake hazikukatizwa. Kwa hiyo fundi huenda msituni akiwa na umbo la chombo moyoni, lakini hurudi na umbo ambalo msitu ulikuwa nalo, na kazi yake ni kuyapatanisha maumbo hayo mawili.

Taruma limesafiri kama kiunzi lilivyosafiri. Miti ilalayo chini ya vyuma vya reli, ambayo siku hizi mara nyingi ni ya zege, huitwa mataruma, na abiria aliyepanda treni ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ambayo ilianza kubeba watu mwaka 2024, amepita juu ya maelfu ya mbavu za jahazi bila ya kujua. Lugha haikuona haya kuitazama njia ya reli kama chombo kirefu kilicholala nchi kavu.

Kiunzi kilipoingia hospitalini kilipata maana iliyo karibu sana na ile ya pwani. Kiunzi cha mifupa ndicho kinachobaki mwili ukiondolewa nyama. Mtu mzima ana mifupa 206; mtoto mchanga ana vipande vingi zaidi, ambavyo huungana kidogo kidogo kadiri anavyokua. Hapa pana mpango wa tatu. Katika nyumba kiunzi hutangulia, katika mtepe hufuata, na katika mwili kiunzi na kile kinachobebwa hukua pamoja. Mfupa hauwezi kungoja nyama, wala nyama haiwezi kungoja mfupa.

Katika viwanja vya michezo neno lilipata maana iliyo kinyume na zote. Kiunzi cha mwanariadha ni kizuizi chenye miguu miwili na ubao juu, kilichowekwa njiani ili kirukwe. Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kukijua. John Akii-Bua wa Uganda aliruka viunzi 10 katika mbio za mita 400 mjini Munich mwaka 1972, akapata nishani ya dhahabu ya Olimpiki kwa sekunde 47.82, muda ambao ulikuwa haujafikiwa na mtu yeyote duniani. Nicholas Bett wa Kenya alishinda mbio hizo hizo katika mashindano ya dunia mjini Beijing mwaka 2015. Kiunzi chao kilifanana na kile cha fundi kwa kuwa ni umbo la vipande lililo wazi ndani. Lakini hakibebi kitu. Tena kimetengenezwa kianguke: mkimbiaji akikigonga kwa bahati mbaya hupoteza muda, lakini hafukuzwi uwanjani. Kutoka hapo magazeti yakakichukua, na sasa mgombea wa kiti au timu ya mpira husemwa kwamba ana viunzi vya kuruka. Neno lililokuwa jina la kinachomshika mtu asizame limekuwa pia jina la kinachomzuia asipite.

Katika vyuo vikuu wataalamu walihitaji jina la jumla ya mawazo ambayo mtafiti huyachagua ili yamwongoze katika kuchambua jambo. Wakasema kiunzi cha nadharia. Uchaguzi huo ulikuwa mzuri. Neno lilikuwa la nyumbani, fupi, na lenye picha. Mahali pake palikuwa tayari, kwa maana wahakiki walikuwa wamezoea kusema juu ya muundo wa shairi na muundo wa sentensi, na muundo na kiunzi ni watoto wa mama mmoja. Lakini jina likishatolewa, kila mtu hulijaza kwa kadiri ya kitu alichokizoea. Mwanafunzi wa leo ameona nyumba nyingi zikijengwa na vyombo vichache vikiundwa. Pengine ameruka viunzi shuleni. Kwa hiyo kiunzi chake cha nadharia huelekea kuwa cha nyumba, kinachosimamishwa kwanza na kukandikwa baadaye. Au cha uwanjani, ambacho hurukwa katika sura ya pili, kisha mbio zikaendelea kana kwamba hakikuwapo.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, ambako vyombo vingali vikiundwa juu ya mchanga, alirudi kwao wakati wa likizo na rasimu ya tasnifu yake. Tasnifu ilihusu Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake. Jioni moja alikwenda pwani kumwamkia mzee mmoja, fundi wa mashua, rafiki wa marehemu babu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za Bara? Na masomo?"

Msichana alimweleza kwamba masomo yanakwenda, na kwamba amekwisha kuandika sura ya kiunzi cha nadharia. Mzee alilitambua neno akalishangaa pale lilipo.

"Kiunzi hicho ni cha mti gani?"

"Si cha mti, babu. Ni cha mawazo ya wataalamu."

"Na wewe wakivika nini?"

"Utendi wa Mwana Kupona."

Mzee aliujua utendi huo kwa kuusikia ukisomwa. Alinyamaza kidogo, akageuza taruma alilokuwa akilichonga, akalitazama kwa jicho moja. "Kwanza ulikata kiunzi, au kwanza uliutazama utendi?"

"Kwanza kiunzi, babu. Ndivyo tunavyofundishwa."

"Haya. Basi mbao zilizozidi umezipeleka wapi?"

Swali hilo halikuwa na kejeli. Kwa fundi ni swali la hesabu: mbao zililetwa kadhaa, chombo kimekula kadhaa, zilizobaki ziko wapi? Msichana aliporudi nyumbani alifungua utendi na rasimu yake vikakaa pamoja, akahesabu. Kiunzi chake kilihusu mamlaka ya mume juu ya mke, na katika utendi kilikuta kilichokitafuta, kwa maana mafundisho ya kumtii mume yamo humo waziwazi wala hapana hila ya kuyaficha. Lakini beti nyingi hazikuwa na mahali pa kukaa. Maradhi ya mama, ambayo ndiyo sababu ya kushika kalamu, yalitajwa katika utangulizi kisha yakasahauliwa. Kumbukumbu yake juu ya mumewe aliyefariki ilitolewa kama ushahidi wa utii tu, bila ya kuulizwa kama ni huzuni pia. Na ile dua ndefu ya mwisho, ambayo mama anawaombea watoto na jamaa zake, haikutajwa hata mara moja. Utendi ulikuwa umekatwa ukakifuata kiunzi. Kilichozidi kilibaki mchangani.

Mtu aweza kujibu kwamba hakuna uchambuzi unaobeba kila kitu, na jibu hilo ni la haki. Mchambuzi asiye na kiunzi hana chombo. Ana rundo la mbao. Atataja tashibihi hapa na takriri pale, atasifu na kulaumu, na mwisho wa safari hatajua alikuwa akienda wapi. Mbao zilizoshonwa pasipo mataruma hufumuka kwa wimbi la kwanza, na maoni yasiyoshikwa na nadharia hufumuka kwa swali la kwanza. Kwa hiyo ugomvi haumo katika kuwa na kiunzi au kutokuwa nacho. Umo katika jambo moja: vitu viwili visipopatana, kipi kikatwe? Fundi wa chombo hupunguza taruma. Ubao ukishakaa mahali pake hauguswi, kwa sababu ubao ndio unaozuia maji. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa mfano wa nyumba hupunguza udongo, yaani hupunguza shairi, na nadharia yake hutoka kazini nzima kama ilivyoingia.

Hatari hii ni kubwa zaidi pale kiunzi kinapoletwa kutoka mbali. Hapana aibu kutumia mawazo yaliyozaliwa Paris au Prague. Majahazi ya pwani yalibeba msaji wa India na hayakuacha kuwa majahazi ya pwani. Lakini msaji ulipofika ulikutana na tezo. Haukupigiliwa kwa sura uliyokuja nayo. Nadharia iliyotungwa kwa ajili ya riwaya za mijini, ikichukuliwa ilivyo na kuvishwa utendi uliotungwa usomwe kwa sauti na uhifadhiwe moyoni, itaacha mapengo, na kwa mapengo hayo maji yatapita. Mchambuzi mwema huyaonyesha mapengo hayo, husema ni upande gani nadharia imelazimika kupunguzwa, na kwa kufanya hivyo huwarudishia wenye nadharia kitu ambacho hawakuwa nacho. Mchambuzi mvivu huyaziba kwa maneno makubwa.

Liko neno jingine lililo jirani ya kiunzi kwa sauti, nalo ni kiunza. Kiunza ni ubao unaomfunika maiti katika mwanandani kabla udongo haujarudishwa kaburini. Mpiga chapa akikosea herufi moja, kiunzi cha nadharia huwa kiunza cha nadharia. Wanaosoma rasimu nyingi wanajua kwamba kosa hilo lingekuwa kweli mara kadhaa: nadharia imelazwa juu ya shairi, shairi halionekani tena, na kilichobaki ni kusoma dua na kwenda zetu.

Msichana wa Nungwi aliandika tasnifu yake upya. Hakuitupa nadharia yake, ila aliihamisha. Kwanza aliusoma utendi wote, kutoka bismillahi hata mwisho, akaeleza sehemu zake na uzito wa kila sehemu. Kisha ndipo akauliza ni mawazo gani yawezayo kuushika, akaonyesha mahali ambapo mawazo hayo yalikuwa yamenyooka mno na utendi umepinda. Katika kikao cha utetezi mtahini mmoja alisema kwamba sura ya nadharia imechelewa, na kwamba utaratibu unataka itangulie. Akajibu kwamba imechelewa kwa makusudi, akaeleza sababu. Majadiliano yalikuwa marefu, na mwisho alitakiwa kuongeza kurasa chache za maelezo mwanzoni ili msomaji asipotee njiani. Alizitia. Sharti hilo lilikuwa la haki, kwa maana msomaji naye ni abiria.

Inafaa basi wale wafundishao utafiti kwa Kiswahili wasiliache neno hili likawa muhuri wa kugongwa katika ukurasa wa yaliyomo. Kiswahili kimewapa jina lililokwisha kufanya kazi kwa karne nyingi mikononi mwa watu wasioandika vitabu, na jina hilo lina elimu yake. Linaeleza kwamba umbo huweza kutangulia, huweza kufuata, na huweza kukua pamoja na kile linachokishika. Linaeleza kwamba mti uliopinda una faida. Mwanafunzi apewe nafasi ya kuchagua ni mpango gani unaofaa kazi yake, na aulizwe aueleze. Mtahini naye, kabla ya kuhesabu kurasa za nadharia, aulize swali ambalo kila fundi wa pwani huulizwa na mwenye mali yake: mbao zilizoletwa ni ngapi, na zilizoingia chomboni ni ngapi?